MIZANI MOJA MFUKONI: Somo kwa Vijana Wanaojenga Upya Injini

Mafungu ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Luka 14:28-30, Luka 19:1-10, Yeremia 29:4-7.

 

Katika somo hili tunaendelea na mafundisho yetu juu ya imani na kazi za mikono. Tulikwisha kusema juu ya shamba na juu ya cherehani. Leo tunaingia gereji. Wazazi wasiokuwa na kijana fundi wasiruke ukurasa huu, kwa maana kila mmoja wetu hupanda gari lililofungwa na mkono wa mtu fulani, na mbele ya Mungu wote tunapima na kupimiwa.

Nabii Yeremia aliwaandikia watu wa Mungu waliokuwa uhamishoni Babeli. Hakuwaambia wakae wakiwa wamekunja mikono mpaka siku ya kurudi. Aliwaambia wajenge, wapande, waoe na kuoza, na wauombee mji waliopelekwa. Sisi nasi hapa Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Basi swali letu leo ni hili: tukishaipata kazi, tunaifanya kwa kipimo gani?

KISA CHETU

Tusianze na makosa ya wengine. Tuanze na letu.

Mwaka 2019 ndugu mmoja wa kanisa alituletea pikapu yake, Toyota Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 2L. Wengi mnaijua injini hiyo: silinda nne, kila moja kipenyo cha 92 mm, jumla sentimita za ujazo 2446. Gari hilo lilibeba mahindi na maharage ya mama zetu mpaka sokoni, na usiku lilibeba wagonjwa. Lilikuwa likitoa moshi wa bluu na kugonga upande wa silinda ya tatu.

Vijana wetu wa karakana walifungua. Beringi ya konrodi ya tatu ilikuwa imekwisha, na shingo ya kranki ilikuwa imekwaruzwa. Kazi ya haki ilikuwa kuipeleka kranki mjini kusagwa na kununua beringi za saizi mpya. Lakini fedha zilikuwa chache, mwenye gari alikuwa anaharakisha, na sisi tuliokuwa wasimamizi tulichoka kusubiri. Tulikubali njia ya mkato ambayo wengi wenu mmeiona: tukakwangua kifuniko cha konrodi kwa tupa ili kikaze, na nyuma ya beringi tukaweka kipande cha karatasi ya bati laini. Injini ikanyamaza. Tukamwambia mwenye gari, "Imepona." Akalipa.

Haikumaliza wiki tatu. Njiani, ikiwa na magunia ya mahindi, konrodi ilikatika ikatoboa bloku. Hakuna aliyeumia. Lakini siku mbili baadaye mama mmoja wa mtaa wetu alishikwa na uchungu usiku, na gari lililozoea kubeba akina mama lilikuwa limelala chini ya mti. Alipelekwa kwa pikipiki, katikati ya watu wawili, kwenye barabara ya mawe. Tunamshukuru Mungu kwamba alifika na kujifungua salama. Sisi usiku ule hatukulala.

Tutarudi kwenye kisa hiki mwishoni. Kwanza tujifunze ni nini tulichokosea.

JAMBO LA KWANZA: HESABU GHARAMA KABLA YA KUFUNGUA

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Injini ni mnara. Tumeona injini ngapi zilizofunguliwa na hazikufungwa tena? Vipande viko ndani ya karai, kuku wanatembea juu yake.

Kaa na mwenye gari kabla ya kushika spana. Andikeni kwenye daftari: vipuri, kazi ya mashine mjini, nauli ya kupeleka bloku na kurudi, oili, filta, na akiba kwa yale yatakayoonekana baada ya kufungua. Mwenye gari atie sahihi, nawe utie sahihi. Kama fedha hazitoshi, mwambie mapema. Ni afadhali gari lisubiri miezi miwili likiwa zima kwa nje kuliko kulifunga kwa uongo.

Tena uliza swali hili: ni nini kilichoiua injini hii? Injini haifi bila sababu. Barabara zetu ni za vumbi, na vumbi likipita kwenye mpira wa hewa uliopasuka husugua silinda kama msasa. Ukiweka ringi mpya ukauacha mpira ule, umeweka ringi mpya za kuliwa. Kama iliungua kwa joto, tazama rejeta, pampu ya maji na themostati. Wengi huitoa themostati na kuitupa wakidhani wanaisaidia injini. Hapana. Injini isiyopata joto lake hulika upesi na kutumia mafuta mengi. Rekebisha sababu, ndipo urekebishe kilichoharibika. Daktari anayefunga kidonda bila kutoa mwiba hajatibu.

JAMBO LA PILI: WEKA ALAMA KWA KILA KITU

Ndugu zetu waliotoka Kongo wamezoea kusema kilasi, segma na vilbreke. Wengine husema hedi, ringi na kranki. Majina si shida. Shida ni kuchanganya vipande.

Kila konrodi ina kifuniko chake, na tundu lao lilichongwa kiwandani vikiwa vimefungwa pamoja. Kifuniko cha konrodi ya pili hakiwezi kuoa konrodi ya nne. Kabla ya kufungua, tazama namba zilizopigwa ubavuni. Kama hazipo, piga alama zako, na uandike upande upi unatazama mbele. Vifuniko vya kranki navyo ni hivyo hivyo. Valvu zipange kwenye ubao wenye matundu, kila moja kwa nafasi yake. Bolti za urefu mbalimbali zichome kwenye boksi la karatasi ulilochora umbo la hedi.

JAMBO LA TATU: PIMA, USIKISIE

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Torati ilimkataza Mwisraeli kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Fundi anayesema "hii bado nzuri" kwa kutazama tu ana mawe mawili: akimpenda mteja hutumia moja, akichoka hutumia lingine. Maikromita haina upendeleo.

(a) Silinda. Hulika zaidi juu, mahali ringi ya kwanza inapogeuka, na zaidi upande wa ubavuni kuliko upande wa mbele na nyuma. Kwa hiyo pima juu, katikati na chini, na kila mahali pima pande mbili zinazokatana.

Kama huna chombo cha kupimia silinda, tumia njia hii. Chukua ringi moja, iingize ndani ya silinda bila pistoni, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Pima nafasi kati ya ncha zake kwa fila geji ikiwa karibu na juu, chini kidogo ya ule ukingo usioguswa na ringi. Kisha isukume mpaka chini ambako silinda haijalika, upime tena. Toa ndogo kwenye kubwa, ugawanye kwa 3.14. Mfano: juu ni 0.70 mm, chini ni 0.40 mm. Tofauti ni 0.30. Ukigawanya kwa 3.14 unapata karibu 0.10 mm. Basi silinda imepanuka juu kwa karibu 0.10 mm kuliko chini. Ringi mpya haitaiponya. Silinda hiyo inahitaji kuchongwa. Njia hii haikuonyeshi kama silinda imekuwa ya yai, kwa hiyo kwa uamuzi wa mwisho mpe fundi wa mashine apime.

(b) Pistoni kwanza, kuchonga baadaye. Silinda ikichongwa, huwekwa pistoni kubwa zaidi. Mara nyingi saizi hupanda kwa 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 mm. Usimwambie fundi wa mashine "chonga 0.50" halafu ukatafute pistoni. Nunua pistoni, mpelekee mkononi, azipime yeye mwenyewe na kuchonga kila silinda kwa pistoni yake. Maandishi ya boksi si kipimo.

(c) Kranki. Pima kila shingo mahali pawili na pande mbili. Ikiwa ni ya yai au imekwaruzwa kiasi cha kushika ukucha, isagwe. Usinunue beringi kabla ya kusaga, maana hujui itatoka saizi gani. Ikirudi, tazama pembe za shingo: lazima ziwe na mviringo mdogo, si kona kali. Kona kali ndiyo mahali kranki inapoanzia kukatika. Kisha safisha njia zake za oili kwa waya na brashi mpaka upepo upite safi.

(d) Nafasi ya oili. Kati ya shingo na beringi lazima ibaki nafasi ndogo ambamo oili hukaa. Kwa kadiri, shingo ya 50 mm huhitaji karibu 0.05 mm, kitabu cha injini husika kina neno la mwisho. Unywele wa kichwani mara nyingi una unene wa kama huo au zaidi. Ndani ya nafasi ya unywele ndimo uhai wa injini nzima ulimo! Upo uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi hii. Unaukata, unaulaza juu ya shingo kavu, unafunga kifuniko kwa nguvu iliyoandikwa bila kuzungusha kranki, kisha unafungua na kulinganisha upana wake na kipimo cha kwenye karatasi yake.

Sasa mtaelewa kosa letu. Tulipokwangua kifuniko, tundu la konrodi likawa la yai: likabana juu na chini, likalegea pembeni. Tulipoweka bati nyuma ya beringi, tukazuia joto lisipite kutoka kwenye beringi kwenda kwenye chuma cha konrodi, na beringi ikakosa mahali pa kukaa sawasawa. Kelele ilinyamaza, lakini oili haikuwa na nafasi yake. Kunyamaza si kupona. Hata ndani ya nyumba zetu na ndani ya kanisa, mara ngapi tumekwangua jambo kwa tupa ili lisigonge, tukasema limekwisha?

(e) Hedi. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake: mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana, na mara mbili kwa pembe. Jaribu kupitisha fila geji chini yake. Kwa injini nyingi ndogo, ikipita ya 0.10 mm, ni wakati wa kuuliza kitabu na fundi wa mashine. Hedi iliyoungua ipimwe nyufa kabla hujalipia kazi nyingine yoyote juu yake. Na kwa dizeli, angalia sana: uso ukisagwa, valvu husogea karibu na pistoni. Dizeli nyingi zina gasketi za hedi za unene tofauti, na huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Usinunue yoyote tu.

JAMBO LA NNE: OSHA KWA SABUNI

Bloku ikitoka kuchongwa, ndani ya silinda huwa na mistari myembamba inayokatana, nayo ni ya kushika oili. Mistari hiyo hubeba unga wa mawe ya kusugulia. Wengi husafisha kwa petroli na kuridhika. Petroli huondoa mafuta, lakini unga ule huacha nyuma. Tumia maji ya moto, sabuni ya kufulia na brashi, usugue kama mama anavyosugua sufuria. Suuza, kausha upesi, halafu pitisha kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka na rangi ya kijivu, rudia. Kikitoka cheupe, paka oili mara moja, maana kutu haisubiri hata saa moja. Kazi hii haina sifa, na hakuna mteja atakayeiona. Ndiyo maana ni kipimo kizuri cha moyo wa fundi.

JAMBO LA TANO: KUFUNGA

Ringi: iingize kila moja kwenye silinda yake upime nafasi ya ncha. Kwa silinda ya 92 mm, ringi ya juu huwa karibu na 0.28 hadi 0.37 mm; fuata karatasi iliyokuja na ringi. Ikibana kabisa, itakapopata joto ncha zitagongana na kuvunjika.

Bolti: safisha matundu yake. Tundu lisilotoboka upande wa pili likibaki na oili au maji, bolti ikishuka husukuma kile kimiminiko mpaka bloku ipasuke. Hedi ifungwe kuanzia katikati kuelekea nje, kwa hatua mbili au tatu, kwa spana ya kupimia nguvu. Soma vizuri kipimo: kilo-mita moja ni karibu 9.8 za nyutoni-mita. Vijana wamevunja bolti kwa kusoma safu isiyo yake. Kama karakana haina spana hiyo, azima. Hakuna aibu katika kuazima.

Mkanda wa majira: zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, utazame alama tena kabla ya kugusa ufunguo. Ikikwama, simama. Usilazimishe.

Kuwasha: jaza oili, fungia dizeli isifike, zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike. Ndipo uwashe. Usiiache ikiunguruma polepole kwa muda mrefu, wala usiibebeshe mzigo mzito siku za kwanza. Badilisha oili na filta mapema, maana oili ya kwanza hubeba vumbi la chuma.

TULIVYORUDI KWA MWENYE GARI

Tuliahidi kumaliza kisa chetu. Baada ya bloku kutoboka, vijana walikaa na sisi chini ya mti ule. Mmoja alisema, "Mchungaji, tuseme ilikuwa oili mbaya. Atakubali." Ni kweli, angekubali. Hakuwa mtu wa kufungua injini. Na sisi, tuseme ukweli, neno lile lilitupendeza kwa muda.

Lakini Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumefundisha juu ya Zakayo, jinsi wokovu ulivyofika nyumbani mwake na jinsi alivyosimama na kuahidi kurudisha alichokitoza kwa hila, tena mara nne. Mtu hawezi kumhubiri Zakayo asubuhi na kumficha jioni. Tukaenda kwa ndugu yule, sisi na vijana wote wanne. Tukamwonyesha kifuniko chenye alama za tupa na lile bati. Alikishika kifuniko kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Mlijua?" Tukajibu, "Tulijua." Alinyamaza tena, akaingia ndani. Siku ile hakuturudia.

Tulitafuta bloku iliyotumika na kranki nyingine. Ilituchukua miezi minane kulipa: sisi tuliuza mbuzi wawili, vijana walifanya kazi bila kugawana kitu. Safari hii kila kipimo kiliandikwa kwenye daftari, na mwenye gari alikuja kukisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Hilo ndilo lililotuuma na ndilo lililotuponya. Gari lilirudi barabarani. Hakutupongeza. Ila mwaka uliofuata alimleta kijana wake wa pili ajifunze kwetu, akasema, "Mfundisheni na lile la bati." Tunamfundisha. Kifuniko kile kimetundikwa kwa waya ukutani mwa karakana, na kila kijana mpya huelezwa kisa chake siku ya kwanza.

Wapendwa, mtu aliyekimbia amepoteza mengi: nyumba, shamba, vyeti, hata jina zuri alilokuwa nalo kijijini kwao. Hapa tunaanza bila jina. Jina jipya hujengwa polepole, kama injini, na huharibika kwa siku moja. Kipimo cha haki hakihitaji karatasi ya serikali wala mtaji mkubwa. Hicho tunaweza kuwa nacho sote.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Je, katika kazi yako (shamba, duka, cherehani, gereji) mawe mawili ya kupimia ni yapi?
2. Kuna jambo gani katika nyumba yako lililonyamazishwa bila kuponywa?
3. Kama wewe ungekuwa mwenye gari, ungefanya nini siku tulipokuja? Na kama ungekuwa kijana aliyesema ni oili?
4. Kwa vijana mafundi: ringi juu ni 0.85 mm, chini ni 0.40 mm. Silinda imepanuka kiasi gani? Leteni majibu Jumamosi karakanani, na mje na daftari.

TUOMBE

Bwana, wewe unapima mioyo. Utupe mikono yenye ustadi na midomo isiyoficha. Uwabariki walioazima vyombo vyao kwetu, na waliotusamehe kabla hatujamaliza kulipa. Uwalinde wasafiri wote wa barabara hii, hasa wale wa usiku. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.

Ni sisi wachungaji na watumishi wenzenu katika shamba la Bwana.